Shimo ya Mbele ya Portail ya Bleu

Mu taxi-bus nilimopanda ya kwenda commune ya Annexe, mama mumoja mwenye beseni ya sombe, majani ya muhogo, alikuwa anasimulia papa wa kravati aliyeketi karibu naye namna avenue yao ilitengenezwa.

"Kila nyumba ilitoa cotisation, muchango, kwa kupenda. Tukaleta mawe, tukajaza mashimo yote. Ila moja, ya mbele ya portail ya bleu, mulango mukubwa wa nyumba moja. Mwenye nyumba alikatalaka kutoa. Tukasema: abakie na shimo yake."

Papa akanyoosha kravati. "Mama, ile portail iko yangu."

Nikajifanya naangalia inje.

"Ah, njo weye!" mama akasema, bila kupunguza sauti. "Toa yako basi."

"Sitoe. Minalipa taxe ya Leta, ya serikali, kila mwaka. Barabara iko kazi ya Leta. Tukizoea kujitengenezea, Leta haitakumbuka tena kama tuko."

"Ilishasahau zamani, papa. Na mvua iko inanyesha."

"Njo maana minaenda ku bureau ya commune kila mwezi, kubaomba batengeneze."

"Banakujibu nini?"

"Nirudie mwezi ujao." Alisema vile kama mutu aliyeshinda kesi.

Mara gurudumu ya mbele ikaanguka mu shimo, motere ikazimika. Dereva akatushusha wote tusukume. Portail ya bleu ilikuwa pale, safi kabisa. Mama alitua beseni, akasimama bega kwa bega na papa, matope ikibapanda ku magoti.

"Mwezi ujao nitarudia," papa akasema, akihema.

"Sukuma," mama akajibu.