Pamba Iliyoota Kifuani

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mlioketi kule nyuma karibu na mlango, mwangaluka. Desturi yetu hapa ni kwamba anayeitwa kushuhudia hunyanyua mkono wa kuume juu kabisa, nanyi mnaitikia. Mimi nimepita bila kuunyanyua, na nimemsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu siku hizi ana maringo." Sina maringo, ndugu zangu. Subirini kidogo. Nitaunyanyua, lakini kwanza mjue umetoka wapi.

Nimeandika kwenye daftari, maana nikisema bila kusoma nitalia katikati, na machozi yangu yakishaanza hayajui kituo. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimenyamaza msidhani ni uchungu. Huenda natafuta mstari.

Mlionijua nikiwa msichana mnakumbuka mama yangu aliniita Mwotaji. Nikitumwa maji, narudi na nusu ya mtungi, nyingine nimeimwaga njiani kwa kuwaza. Nilikuwa naota nina cherehani ya kukanyaga, nimeketi barazani pale Shinyanga mjini, nashona magauni ya mikono iliyovimba kama vitumbua. Gari moshi likipita natazama abiria wangapi wamevaa magauni yangu. Cherehani sijaipata hadi leo. Mkono uliovimba kama kitumbua niliupata, lakini haukuwa wa gauni.

Niliolewa, nikazaa binti. Mume wangu akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, nami nikabaki na mama yake. Mtoto alipoacha kunyonya nikagusa kitu kwenye titi la kulia, kama punje ya karanga. Akina mama wakasema ni maziwa yameganda, kanda kwa kitambaa cha moto. Nikakanda. Punje ikawa karanga na ganda lake. Nikakanda tena, ikawa kama kokwa la embe, na ngozi ya juu ikaanza kuvutwa ndani kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Nawaambia ukweli, nilikanda miezi saba. Siwalaumu walionishauri, walinishauri walichokijua.

Nikaomba ruhusa kwenda kwetu. Mama yangu alipoona, aliinuka palepale. Alivaa kanga ya safari, tukapanda lori la pamba hadi hospitali ya misheni. Daktari akatueleza taratibu, muuguzi akitafsiri kwa Kisukuma ili mama asikie: titi lote liondoke, na nyama iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Mama akauliza, "Na yeye atabaki?" Muuguzi akamjibu mama, "Ndiyo sababu tunaliondoa, mayu, ili yeye abaki."

Nilipozinduka, nilisikia maumivu mahali ambapo sikuyategemea. Paja ndilo lililoungua. Kumbe ngozi ya kifua haikutosha kufunika kidonda, wakachuna ngozi nyembamba ya paja wakaipandikiza juu. Siku nyingi nililala chali, mkono umefungwa usitikisike, hata inzi akitua puani nilimpulizia tu. Na kuna jambo sijawahi kulisema mbele ya watu. Titi lilikuwa halipo, lakini liliwasha. Chuchu iliwasha kabisa, nami sina pa kujikuna. Nilidhani nimerukwa na akili. Muuguzi akanikalisha, akasema, "Wote hunieleza hivyo, halafu kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Weka kiganja hapo, ukandamize polepole, upumue. Mwili umefiwa, unaulizia." Nikaweka kiganja. Haikuisha, ila ilipungua.

Wakati wa kutoka alinipa masharti matatu. Nisifunge kitu cha kubana mpaka ngozi mpya ikomae. Kila siku nisimame ukutani, vidole vipande ukuta kama mjusi, hata kama kwapa linavuta kama kamba ya kitanda, maana nikiuacha mkono utaganda. Na kila asubuhi nikae faragha, kifua kiote jua kidogo, kikauke. Nikaitikia yote. Mimi kuitikia sijawahi kushindwa.

Njiani mama yangu akaniambia, "Huko ukweni sema lilikuwa jipu, limepasuliwa. Ukirudishwa nitakupokea, mwanangu, lakini usiwape sababu." Alisema kwa kunipenda. Nami nilibeba neno hilo kama mtu abebavyo kaa la moto kwenye kanga.

Basi nikarudi na jipu langu la uongo. Mama mkwe akanipokea vizuri, akanichinjia kuku. Baada ya majuma machache barua ikaja kutoka Geita: mume wangu atakuja Krismasi. Ndugu zangu, mwingine angefurahi. Mimi nilienda kujificha nyuma ya nyumba. Niliona atakavyonitazama, niliona atakavyofunga mzigo wangu na kunirudisha kwa baba. Usiku na mchana nilikuwa na swali hilo moja, atanirudisha au hatanirudisha.

Ndipo ushonaji wangu ukanijia. Nilichukua kipande cha kitambaa cha amerikani, nikashona kifuko cha mviringo kwa mishono midogo, kizuri kweli, nikajaza pamba iliyobaki ya msimu uliopita. Nikakiweka ndani ya gauni. Kikapanda. Pamba ni nyepesi, ukiinama inafuata shingo, nikawa na titi begani. Nikawaza kuhusu uzito. Pale nyumbani palikuwa na kapu la mbegu za pamba alizoziweka mama mkwe kwa kupanda. Nikachota viganja viwili, nikachanganya, nikashona tena. Sasa likatulia. Nikalifunga kifuani kwa ukanda wa kanga, nikakaza, nikajitazama kwenye maji ya beseni. Nilikuwa mzima.

Sharti la kwanza nimelivunja, mnaona. La pili nikalivunja kwa sababu kwa ukanda ule mkono haukupanda ukuta. La tatu, nikae juani vipi na kitu ninachokificha?

Mvua zikaanza, tukaenda kulima. Sitaki kuwapambia. Kifuko kilikuwa joto kama jiko. Jasho lilikaa katikati yake na ile ngozi changa ya paja, na kila jembe likishuka kinasugua. Mahali pakawasha, kisha pakachoma, kisha pakafunguka kidonda cha ukubwa wa ukucha. Mkono ukavimba kuanzia kwapani hadi vidoleni, pete ikazama. Mama mkwe alikuwa akiniuliza, "Mbona unalima kwa upande?" Najibu, "Nimelalia vibaya, mayu." Mvua ikitunyeshea, narudi na kifuko kimelowa. Kukianika nje siwezi, nani anaanika titi kwenye kamba? Nilikisukuma nyuma ya mtungi wa mtama, gizani, asubuhi nakivaa kikiwa kibichi vilevile. Halafu binti yangu, alipokuwa akisinzia, alizoea kuingiza mkono kifuani. Aliingiza, akashika amerikani, akautoa. Hakurudia tena. Hilo lilinichoma kuliko kidonda.

Homa ikanilaza siku tatu. Ya nne nikasema nikiendelea kulala watashuku. Nikajifunga kifuko changu bila hata kukitazama, nikaketi na mama mkwe upenuni tukichambua kunde.

Akanitazama shingoni. Akatazama tena.

"Ng'wana wane," ndivyo anavyoniita, mwanangu, "una mdudu kifuani."

"Hakuna, mayu."

"Yupo. Mweupe. Tulia nimtoe."

Akanyoosha vidole kwenye shingo ya gauni akamvuta. Mdudu hakutoka. Akavuta tena, na ukanda wa kanga ukalegea, na kifuko chote kikaja juu, kikamwangukia mapajani kwenye ungo wa kunde. Kilikuwa kimepasuka mshono mmoja, na katika ule mshono vilichungulia vichipukizi, vyeupe chini, vya kijani kidogo kwenye ncha.

Kuku mmoja akaja kudonoa, mama mkwe akamfukuza.

"Hii ni pamba," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Imeota."

"Ndiyo, mayu."

"Ni mbegu zangu hizi. Nami siku zote nawatukana panya."

Nilitaka ardhi inimeze. Akasema, "Fungua." Nikafungua gauni. Alitazama kwa muda mrefu, kovu, ile ngozi ya paja yenye rangi yake, kidonda, mkono uliovimba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Jipu?"

Nikainamia ungo wa kunde.

"Jipu gani hili linahama na nyumba yake yote?" Hapo machozi yalikuwa yanamtoka, lakini midomo inacheka, nami sijui nifuate lipi. "Umelima safu ngapi na kidonda hiki pembeni yangu? Nimekukosea nini, mwanangu, hadi ukaona bora uoze kuliko kuniambia?"

Nikamwambia yote. Kuhusu Geita, kuhusu kurudishwa. Akafuta uso kwa kanga. "Ya mwanangu huyo wa Geita nitakuwa muongo nikisema nayajua. Mtu ni moyo wake. Ila kitu chenye uhai ukikifungia penye giza na unyevu, kitaota tu, kitatokea shingoni watu wakione. Ungekianika."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Si kwamba niliacha kuogopa. Niliacha kuogopa peke yangu.

Siku hiyohiyo jembe alininyang'anya. Asubuhi alitandika ngozi ya ng'ombe nyuma ya ghala, akasimama mlinzi na fimbo yake, nami nikaota jua. Akipita mtu anamwambia, "Pita kule, mkwe wangu anaoga." Mtu mmoja akamjibu, "Kila siku anaoga kwenye ghala?" Akamjibu, "Ndivyo walivyo kwao." Maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa kidonda, na kigaga kikikauka, samli kidogo pembeni. Kisha ukuta, ndani ya nyumba. Alichora alama ya mkaa mahali vidole vilipofika, chini ya bega, aibu tupu. Nikapanda huku nauma kanga kwa meno. Siku nyingine sikuifikia hata alama ya jana, nikalia, naye akasema, "Mjusi naye huteleza. Kesho." Alama zikawa ngazi nyeusi kwenye ukuta.

Kidonda kilipofunga, akanirudishia kifuko. Amekifua, amekianika hadharani kwenye ua, na ndani ameweka pamba mpya na mbegu. Nikamwuliza kama hazitaota tena. Akacheka. "Za mara hii nimezikaanga. Mwanangu, unataka uzito au unataka shamba?"

Krismasi ikakaribia. Nikamwomba mama mkwe yeye ndiye amwambie mume wangu. Akakataa. "Mdomo ni wako. Mimi nitakuwa jikoni."

Mume wangu akaja. Siku ya kwanza sikusema, walikuwepo wageni. Siku ya pili asubuhi akasimama mbele ya ukuta, anazitazama zile alama za mkaa, anatabasamu. "Kumbe ulikuwa unahesabu siku za kurudi kwangu," akasema.

Ningeweza kuitikia. Mnajua mimi kuitikia sijawahi kushindwa. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikasema, "Sio siku. Ni mkono wangu." Nikamfungulia gauni palepale, penye mwanga.

Sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Alitoka nje. Alikaa siku mbili anakula bila kunitazama, na katika siku hizo mbili nilifunga mzigo wangu mimi mwenyewe, ili nisiwape kazi. Siku ya tatu akaja nilipokuwa napanda ukuta wangu, akasimama nyuma yangu. Akasema, "Kule chini mwamba ukimwangukia mtu, tunamtoa kwa mikono yetu. Tunachukua kilichobaki na tunashukuru. Nimejiuliza kwa nini nyumbani nisiweze." Kisha akachukua mkaa, akachora alama juu kabisa, mahali ambapo mimi sifiki hata kwa kuruka. "Nikija tena nikute umefika hapa." Nikamwambia, "Hapo hata wewe hufiki." Akajaribu. Kweli hakufika. Ndipo tukacheka, na mama mkwe jikoni akaangusha mwiko.

Haijaisha, ndugu zangu. Mkono huvimba nikichota maji mengi. Ile chuchu isiyokuwepo huwasha bado, hasa mvua ikikaribia, na mama mkwe sasa huniuliza mimi kama aanike mtama. Natakiwa kurudi hospitali watazame kama ugonjwa umejificha pengine. Nikishaitwa ndani, naogopa. Sijui nimepewa miaka mingapi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi aliyeniambia mwili umefiwa. Namshukuru mama yangu, ambaye uongo wake ulikuwa wa mapenzi, nami nimeshamsamehe na yeye amenisamehe. Namshukuru mama mkwe, yupo hapa, ameinamisha kichwa, msimtazame. Wabeja, mayu, asante.

Na kwenu nina hili. Ukigusa punje, usikande miezi saba. Na likikupata la kufungwa kifuani, mtafute mtu mmoja wa kukushikia fimbo wakati unaota jua. Nimeshawashonea vifuko akina mama wawili, majina yao nitakufa nayo. Ukihitaji, njoo, mbegu nakaanga mwenyewe.

Sasa nafunga daftari. Nilisema nitaunyanyua mkono. Huu hapa. Umefika sikioni, haujavuka. Kwenye ukuta wetu hiyo ni alama ya kumi na moja.

Itikieni.