Gauni la Mama Pindo Lilikuwa Tayari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, Mama Pindo. Nawaambia mapema: habari hii imenitia hofu, na mimi si mwoga kihivyo.

Mama Pindo alijiandaa kufa akiwa mzima. Miaka ishirini iliyopita alijishonea gauni jeupe la kuzikwa, akalikunja kabatini pamoja na orodha ya nyimbo za ibada. Akawa anawatania wateja: "Langu liko tayari, nyie mtakuja kunisumbua dakika za mwisho!" Kanisani wakamsifu. Kumbe!

Ugonjwa ulipomlaza, alimwomba binti yake amvalishe lile gauni ajione. Likampwaya. Mabega ya gauni yakateremka hadi kwenye viwiko. Binti akaanza kulibana kwa pini, mama yake yu hai, anamtazama.

"Acha," mama akasema. "Naogopa, mwanangu."

"Mama, si ulisema uko tayari?"

"Gauni ndilo liko tayari. Mimi bado. Nitamwambia nini Mungu kuhusu dada yangu?"

Miaka kumi na moja, wasikilizaji. Miaka kumi na moja yeye na dada yake mkubwa hawakusemezana. Kwenye msiba wa mtoto wa dada huyo, Mama Pindo alitamka mbele za watu kwamba mtoto amekufa kwa uzembe wa mama yake. Hakuomba msamaha. Kila Jumapili aliimba, akashiriki meza ya Bwana.

"Usinifuate huku," alimwambia bintiye. "Tubu ukiwa na nguvu. Maumivu yakija hayakuachii hata nafasi ya kusali. Kristo anasamehe, najua. Lakini niliyemuumiza yuko mtaa wa pili, na miguu sina. Kamwite mama yako mkubwa. Kimbia!"

Binti alikimbia. Dada akaja mbio, unga bado mikononi. Akamkuta mdogo wake anapumua, ila hasemi tena. Akamwinamia: "Nimekusamehe, mdogo wangu. Unanisikia?" Akarudia. Akarudia tena.

"Mpaka leo sijui kama alinisikia," dada ameniambia.

Poleni sana, familia. Pole zaidi kwako, dada mtu. Tunamwachia Mungu mwenye rehema.

Nilikuwa nimeandaa wimbo wa kufungia. Siupigi. Nawaachia dakika nzima ya ukimya hewani. Mwenye mtu aliyemuumiza, amtafute. Mimi nampigia kaka yangu sasa hivi.