Mnada wa Sauti Moja

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu arudishie mlango, maana ninayotaka kusema ni ya sisi tuliomo humu, na huko nje siku hizi masikio ni mengi kuliko ng'ombe. Kifungua mimba, kaa kwenye kiti hicho nikuone. Binti yangu, niinulie mto. Nawe kitinda mimba, acha kulia, mama. Utalia baadaye, na nafasi utaipata ya kutosha.

Mambo ya mali yasiwachoshe. Nyumba hii na shamba la bondeni ni vya kifungua mimba, ila nduguze wakirudi humu wasibishe hodi kama wageni. Mitamba yote ni ya kitinda mimba, imsomeshe mpaka achoke mwenyewe. Lakini uwanja wa mnada haugawanywi. Jukwaa, mazizi na mizani ni vya binti yangu, na Jumatano ijayo atapanda kunadi, hata kama Jumanne mtakuwa mmenizika. Najua baba zenu wadogo wananong'ona kwamba mwanamke hawezi kumnadi fahali. Waambieni fahali hajawahi kuuliza anayemnadi amevaa nini. Huyu alianza kunadi jikoni akiwa mdogo, mpaka marehemu mama yenu akalalamika kwamba kila mwiko anaoushika umeshauzwa.

Binti, watu hudhani kazi yetu ni kupiga kelele. Kazi yetu ni macho. Mnunuzi anayemtaka mnyama hamtazami. Humtazama wa jirani, akapiga miayo. Wengine hawataji bei kwa mdomo, huyu atakuna kidevu, yule atagusa ukosi wa shati, na wewe unapaswa kuwaona wote bila kugeuza shingo. Na siku ukiona wanunuzi wote kimya, anayesema ni mmoja tu, jua walishakaa pembeni wakapatana, ili mfugaji aliyeswaga mnyama wake tangu alfajiri aondoke na makombo. Mnada wa sauti moja si mnada. Weka nyundo chini, mrudishe mnyama kwa mwenyewe, waende zao nyumbani. Nimefanya hivyo miaka yote, ndiyo maana wako watu mjini hawaniitikii salamu.

Wa kwanza wao ni yule mnunuzi tunayemwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kupandisha sauti. Kiangazi kilichopita, nyasi zilipokwisha na watu wakaleta mpaka ng'ombe wa maziwa, nilimrudishia mjane mmoja ng'ombe wake, Taratibu akiwa mbele yangu. Akatabasamu, akaniambia, "Mzee wangu, jukwaa lako ni la mbao." Wiki ile ile banda la mizani likateketea. Wakasema ni hitilafu ya umeme, na banda lenyewe halijawahi kuuona waya. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanangu. Sikumshitaki, lakini sijasahau.

Juzi akaja kunijulia hali. Alikaa papo hapo ulipokaa, kifungua mimba. Akanipa pole, akauliza dawa ninazokunywa, akatazama dari, akatazama viatu vyangu, akatazama kila kitu isipokuwa dirisha linaloelekea uwanjani. Nikajua anautaka. Kisha akagusa ukosi. Ishara hiyo nimeisoma tangu ndevu zangu ni nyeusi, nikajiuliza, anamtajia nani bei, na mimi mwenye mali nimelala? Nikageuza macho. Wewe, kifungua mimba wangu, ulikuwa umesimama mlangoni, ukainamisha kichwa mara moja, kama wanavyofanya wauzaji wakisharidhika. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliumia. Niliumia kuliko ninavyoumwa na kifua hiki.

Usikane, sijakuuliza. Pengine umechoka kuishi kati ya watu wanaotununia, pengine unaogopa moto, na hata mimi niliuogopa. Lakini Taratibu akiushika uwanja ule, mfugaji hatakuwa na pa kukimbilia tena, na dada yako hatautoa kwa amani. Namjua mimi, na wao wanamjua. Na moto, baba, hauchagui kati ya ubao na mtu aliyesimama juu yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Jumatano panda pamoja naye, simama kuliani kwake, wakuone. Sikuombi lingine. Niambie utasimama.

Sema, baba.

Binti, usimjibie.

Hilo gari... hiyo breki inayolia ni ya Taratibu. Msiba haujaingia, yeye keshafika. Nani amemwita? Nipeni maji. Kidogo tu... basi, yanatosha.

Sikilizeni. Nizikeni asubuhi, pasiwe na hotuba, nimeshasema vya kutosha nikiwa hai. Msigombane mbele za watu. Karatasi yoyote wakiwaletea, asitie sahihi mmoja wenu peke yake. Mungu awape usingizi usio na hofu, awape kauli isiyowageuka, na kila mtakachofuga kiongezeke... kiongezeke...

Nani ameinuka? Kaa, mwanangu. Kaa kidogo... Mwacheni, msimshike. Akishikwa si wetu tena. Binti, nipe mkono. Uko wapi mkono wako? Ni viatu vyake hivyo vinavyosikika uani, eti? Anakwenda langoni. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, mwambieni... hapana, nitamwambia mimi. Mwanangu! Mwan...

Hasikii. Mwite wewe, binti, wewe una sauti. Mwambie baba amembariki na yeye. Mwambie sasa, kabla hajamfungulia lango.