Harrison Gatimu na Magneto ya Trekta ya Endarasha

Harrison Gatimu Wambugu alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 karibu na soko la Othaya, mtoto wa pili wa marehemu Wambugu na marehemu Kagure. Mwaka wa 1964 familia ilihamia Endarasha, ambako baba yake alipata shamba la viazi na baridi nyingi.

Wasifu huu umeandikwa na mimi, Emmah Kagure, binti yake wa kwanza. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandaa mwingine, ambao kuhusu kazi ulisema tu kwamba marehemu "alijishughulisha na mambo madogo madogo ya mashine." Sentensi hiyo nimeitoa. Aliyeiandika anajua kwa nini aliiandika, naye amekaa mstari wa kwanza, mahali penye kivuli.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake aliandika katika ripoti kwamba mtoto huyu hana mwelekeo, kwa sababu alikuwa amefungua saa ya shule. Mwalimu hakuandika kwamba saa hiyo ilikuwa imesimama miaka miwili, wala kwamba baada ya kufunguliwa ilitembea.

Mwaka wa 1968 aliajiriwa kuosha vyuma katika karakana ya shamba moja kubwa la ngano huko Kieni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mbuvi, Mkamba asiyependa maneno, na ndiye aliyemfundisha magneto. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, na ambao hata hivyo wameizungumzia sana kwenye mikutano: trekta za zamani hazina betri. Magneto ni kifaa chenye sumaku, kikubwa kama mkate, kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Cheche ikitoka kwa wakati wake, injini inawaka. Ikitoka mapema, pistoni inasukumwa chini kabla haijafika juu, injini inageuka kinyume, na hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuwashia, inarudi na mkono wa aliyeishika. Marehemu alifanya kazi hiyo miaka hamsini na hakuvunja mkono wa mtu yeyote. Narudia kwa walio nyuma: hakuvunja mkono wa mtu yeyote.

Alikutana na mama yetu, Phyllis Ngendo, mwaka wa 1973, mama alipokuwa akiuza kwenye duka la mjomba wake Othaya. Kila Jumamosi alinunua karatasi za kusokotea sigara, na mama, ambaye hapendi moshi, alimkatalia hata chai kwa miezi mitano. Siku moja mama alimuuliza kwa nini havuti sigara nyingine isipokuwa zile za kusokota. Akamjibu kwamba hajawahi kuvuta. Karatasi hiyo huibana kati ya pointi mbili za magneto, vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana. Ukigeuza injini polepole, pale karatasi inapoachiliwa ndipo cheche inapotoka. Mama anasema hakuelewa hata neno moja, lakini aliona kwamba ni mtu anayeweza kungoja. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 1974.

Sasa nafika mahali ambapo niliombwa nipite haraka.

Chama cha wakulima cha hapa kwetu kina trekta nyekundu ya mwaka wa 1947, iliyoachwa na mzungu. Marehemu aliitunza tangu 1981. Aprili 2016 Mutahi, dereva wa chama, aliiwasha asubuhi mbele ya wanachama, hendeli ikarudi na kumvunja mkono wa kulia mahali pawili. Mkono huo haujanyooka hadi leo. Kabla Mutahi hajafikishwa hospitali, mwenyekiti, Bwana Kingori, alikuwa amekwisha kuamua kwamba kosa ni la Gatimu, ati amezeeka na macho hayaoni alama za injini. Marehemu aliomba aruhusiwe kufungua magneto mbele ya kila mtu. Mwenyekiti alikataa, akasema chama hakiwezi kumpa mshtakiwa ushahidi auguse. Maneno makubwa hayo, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kujua injini yake mwenyewe inageuka upande gani. Trekta ilifunikwa turubai, na kanisani marehemu akaombwa "apumzike kidogo" kutoka kwenye uzee wa kanisa aliokuwa nao. Wengi wenu mliinua mikono. Nilikuwepo, niliihesabu.

Wala sitamfanya baba malaika. Miaka mitatu hakwenda kumwona Mutahi, na nyumba zao zinatenganishwa na shamba moja la mahindi. Mama alimsihi. Alijibu, "Niende kusema nini? Ati si mimi? Kila mtu husema si yeye." Hicho kilikuwa kiburi, na Mutahi alikilipia kwa kulala na swali lisilojibiwa.

Mwaka wa 2019 chama kilialikwa kupeleka trekta kwenye maonyesho ya kilimo Nyeri. Ghafla ikawa lazima iwake. Alikuja fundi kutoka Sagana, akabadilisha kabureta iliyokuwa nzima. Alikuja mwingine akabadilisha nyaya. Wa tatu alikuja na kompyuta. Trekta ilipiga teke mara mbili, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuigusa.

Jumatatu moja ya Septemba, Mutahi aliingia kwetu bila kubisha. Nilikuwa jikoni na mama na baba.

"Gatimu," alisema, "sijakuja tupatane. Nimekuja kujua. Hii mkono yangu ilivunjwa na nani?"

Baba aliweka chini kiazi alichokuwa akimenya. "Sijui," alisema. "Walinikataza kufungua. Wewe ukiniambia nifungue, nitafungua."

"Fungua."

Walikwenda pamoja hadi uwanja wa chama, nasi tukafuata. Mwenyekiti alikuwa pale na nusu ya kamati.

"Mzee," alisema Bwana Kingori, "hii kitu imeshinda hata mtu wa kompyuta."

"Kompyuta aliichomeka wapi?" baba aliuliza.

Baba alitandaza gunia, akaitoa magneto, akaifungua. Ndani yake mna vikucha vidogo vya chuma ambavyo huichelewesha cheche wakati injini inageuzwa kwa mkono, halafu huachilia kwa mlio mmoja: tak. Vikucha hivyo hupewa tone la mafuta mepesi tu. Hivi vilikuwa vimezikwa katika grisi ya buluu, ile ya magurudumu ya lori, imeganda kama ugali wa jana. Havingeweza kusogea. Cheche ilikuwa ikitoka mapema kila mara.

Baba aliiinua ili watu waone. Aliyesema ni Mutahi.

"Hiyo grisi ni ya kijana yako, Kingori. Wiki ile kabla nivunjike, nilimwona na mkebe. Nikamuuliza, akasema ni ya kuzuia kutu. Nikanyamaza kwa sababu ni mpwa wa mwenyekiti."

Jina la mpwa huyo silitaji. Alikuwa na cheti cha kozi ya wiki sita, na anapenda sana kutajwa.

Baba aliosha vikucha kwa petroli hadi vikasogea vyenyewe. Akatoa plagi ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia mama ageuze hendeli taratibu. Upepo ulipokisukuma kidole, akatazama alama kwenye gurudumu la injini, akaisogeza mbele kidogo, akairudisha magneto na kuizungusha kwa upana wa unywele hadi ikasema tak pale alipotaka. Ilimchukua chini ya saa moja. Wale mafundi watatu walikuwa wamekaa siku tisa.

Kisha akashika hendeli. Mutahi akamzuia.

"Wacha mimi."

"Na mkono?"

"Niko na huu mwingine. Ikinivunja tena, nitajua ni wewe."

Mama alifumba macho. Baba alimwonyesha namna ya kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, akarudi nyuma hatua moja, si mbili. Mutahi alivuta kwa mkono wa kushoto. Kimya. Akavuta tena, na trekta ikawaka, ikatulia, ikaunguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Mutahi aliweka hendeli chini na kusema, "Basi, nimejua." Kuanzia Jumapili hiyo waliketi benchi moja.

Bwana Kingori aliushukuru umma kwa ushirikiano, na kwenye maonyesho alipokea cheti na kupigwa picha. Msamaha hakuomba, siku hiyo wala katika miaka mitano iliyofuata. Kanisa nalo lilimrudishia marehemu uzee wake kwa barua yenye makosa matatu ya tahajia. Hakuijibu.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Wauguzi walimtunza vizuri, nasi tunawashukuru. Alilalamika juu ya kitu kimoja tu, kitanda kilicholia kila alipogeuka, hadi akakirekebisha mwenyewe kwa kijiko. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Phyllis Ngendo; watoto watatu, Emmah Kagure, Wambugu na Wakonyo; wajukuu saba; na dada mmoja, ambaye amesafiri kutoka Othaya akiwa na miaka themanini na miwili.

Kamati ilipendekeza jeneza lishushwe na viongozi wa chama. Mama amekataa. Litashushwa na Wambugu, wakwe wawili wa marehemu na Mutahi, ambaye atashika kamba kwa mkono wa kushoto. Viongozi wanaombwa wabaki walipokaa.

Pumzika kwa amani, baba. Kazi yako ilikuwa sahihi.