Anayeona Ndiye Anayeita

Kwanza niliona vizibo vya masikio vikining'inia shingoni mwa mama mmoja ndani ya basi la kwenda mjini Elko. Mzee wa kofia pana alikuwa akimsuta. "Dada Lorna, jana kule jangwani, kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, ulikuwa mgeni wetu. Ulipomwona mtu kwenye shabaha ungeniambia mimi msimamizi, niwasimamishe wapiga bunduki."

"Nikuambie wewe, Mzee Dwight, uliyeziba masikio? Anayeona ndiye anayeita 'Acheni!'"

"Kwa ukelele ule? Hata sungura walitii!"

"Na bunduki zote zikawekwa chini."

"Sawa, lakini mgeni..."

Basi likasimama, mama akashuka kabla sijafungua mdomo. Yule mtu aliyeonekana kwenye shabaha alikuwa baba yangu, aliyekwenda kubadilisha shabaha bila kuaga. Asante, mama. Leo asubuhi baba amenikaangia mayai, akayaunguza kama kawaida yake.