Gari Lisilomtikisa Bi Cornelia

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ilikuwa inauma masikio, na pale kijiweni Milanzi, mbele ya mashine ya kusaga ya Leonardi, wanaume wanne walikuwa wamevaa makoti yao yote na wanakunywa kahawa ya Abuu kama dawa ya hospitali. Kijiweni hapo hakuna anayeitwa jina alilopewa na wazazi. Leonardi mwenyewe ni Pumba, maana nyusi zake hazijawahi kukosa unga. Lukmani wa duka la spea ni Jenyuini, kwa kuwa tangu afungue duka hajawahi kukiri kuuza kitu feki. Mzee Abdulnasir, aliyeendesha malori miaka thelathini, ni Tani Kumi. Na Gabriel, muuza vocha ambaye hajasoma utafiti wowote duniani, ndiye Utafiti. Mbele yao limeegeshwa gari dogo la familia, jeupe, la Leonardi, siku ya tatu tangu lifike.

Leonardi alikuwa na furaha asiyojua aiweke wapi, na wasiwasi juu yake. Mama yake, Bi Cornelia, alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita. Mara ya mwisho alipopanda gari, gari la kuomba lifti, alitikiswa mpaka akalala siku nane, akaapa kwamba gari jingine atakalopanda ni lile la kumpeleka makaburini. Sasa leo hii, saa sita mchana, huko misheni Kaengesa, mdogo wake Bi Cornelia, Sista Yustina, anatimiza miaka hamsini ya utawa. Walizaliwa saba, wamebaki hao wawili. Leonardi alibembeleza wiki nzima. Mwishowe mama alikubali kwa sharti moja, gari lisimtikise. Likimtikisa kwenye tuta la kwanza, anashuka, anarudi kitandani, na jubilei atasimuliwa. Safari ni saa nne.

— Gari liko chini hili, Jenyuini alianza, akiinama kutazama uvunguni. — Kama bata.

— Mimi nililipendea huko huko kuwa chini, alijibu Leonardi. — Ukikaa, umekaa kwenye kochi.

— Kochi haliendi Kaengesa, mshikaji. Kochi linakaa sebuleni. Ukiacha lami kule, gari la chini linasalimiwa na kila jiwe. Unataka mama asalimiane na mawe? Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Sasa hapo nani anamngoja nani? aliuliza Utafiti.

— Mawe ndiyo yanangoja. Yako chini. Sisi tunapita zetu juu.

Leonardi aliona maneno yana akili. Ndiyo hatari ya kahawa ya alfajiri, kila neno unaloambiwa unaliona lina akili. Jenyuini akamwita fundi wake, Meshack, kijana asiyeongea, akaja na jeki na mipira ya kubana kwenye springi. Nusu saa baadaye gari lilikuwa limeinuka, na Leonardi akalizunguka mara mbili akijipongeza kimoyomoyo.

— Mmeliharibu, alisema Tani Kumi.

— Mzee, kivipi tena? aliuliza Leonardi.

— Litarukaruka. Gari tupu ni kama mtu mwenye njaa, halitulii. Mimi lori langu likiwa na tani kumi za mahindi, utingo alikuwa ananyoa ndevu tukiwa mwendoni. Bila mzigo hakuna raha ya safari.

— Mzigo gani, mzee wangu?

— Una mashine ya kusaga, halafu unaniuliza mzigo.

Magunia mawili ya mahindi yakaingizwa kwenye buti. Mlango wa buti ukakataa kufunga. Leonardi akataka kulalamika, lakini Tani Kumi alishatoa kamba na anafunga, anasema gari la familia lisilofungwa kamba bado halijawa la familia.

— Limeshuka tena, alisema Jenyuini kwa uchungu wa kweli. — Yaani kazi yote ile. Meshack, ongeza mipira. Haba na haba hujaza kibaba.

Mipira ikaongezwa. Jenyuini akaona kwa hapo ilipofikia, tairi zimekuwa ndogo, zinaleta aibu. Zikatoka dukani kwake tairi za pikapu, jenyuini, akaapa kwa mkono wa kulia. Gari likapanda tena. Abuu, ambaye kazi yake ni kumimina tu, alisimama na birika mkononi akalitazama gari kuanzia chini kwenda juu, akaguna, akarudi kwenye jiko lake la mkaa.

Hapo Utafiti akaona zamu yake imefika.

— Ninyi mnahangaika na chuma. Utafiti unaonyesha mwili wa binadamu robo tatu ni maji. Kwa hiyo garini anayetikisika siyo mama. Ni maji.

— Enhe, alisema Leonardi.

— Kwa hiyo mama asinywe chai.

— Mama yangu anakunywa chai yake na maandazi mawili, Utafiti. Usiniletee vita nyumbani.

— Basi nenda kinyumenyume. Ukirudi nyuma, siti ya nyuma inakuwa ndiyo ya mbele, na wa mbele hatikiswi. Hiyo ipo wazi.

— Mpaka Kaengesa kinyumenyume?

— Kwani kuna haraka gani? Misa saa sita.

— Haraka ndiyo dawa yenyewe, Tani Kumi aliingilia, akipigapiga kikombe kitupu kwenye goti. — Nisikilizeni mimi niliyekula vumbi la Tunduma. Shimo linahitaji muda. Ukienda polepole unalipatia shimo nafasi ya kukujua. Ukikimbia, tairi limeshavuka, shimo ndiyo kwanza linajiuliza nani kapita.

— Lakini mwenda pole hajikwai, mzee, alisema Leonardi.

— Hiyo ya waendao kwa miguu.

Walicheka mpaka Abuu naye akacheka, na Leonardi akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu mwenye wasiwasi. Saa ilikuwa tatu kasorobo. Aliwapenda sana hawa watu. Hakuwa na hakika hata kidogo kama wanamsaidia.

— Jamani, alisema. — Maneno yametosha. Tutajuaje kama halitikisi?

Swali likawakuta wote tayari, kwa kuwa Ufipa kitu kisichopimwa kwa debe bado hakijapimwa.

— Mama ana uzito gani? aliuliza Tani Kumi.

— Debe tatu, alijibu Leonardi bila kufikiri. — Ameshuka kidogo tangu nyonga. Alikuwa tatu na nusu.

— Ulezi au mahindi?

— Ulezi.

Likaletwa gunia la ulezi, debe tatu, limefungwa mdomo. Meshack na Abuu wakalibeba, mmoja huku mmoja kule, wakalinyanyua mpaka usawa wa vifua vyao, wakalikalisha siti ya nyuma. Jenyuini akalifunga mkanda. Utafiti akasema utafiti unataka lifanane, akalizungushia skafu yake. Tani Kumi akaliinamia dirishani.

— Shikamoo, mama.

Kisha juu ya gunia wakatega kikombe cha kahawa, kimejaa mpaka mdomoni. Kikimwagika, mama ametikisika. Leonardi akaendesha mwenyewe, akateremka mpaka mwisho wa mtaa, akavuka matuta mawili, akageuza, akavuka tena yale yale mawili. Alikuwa anatokwa jasho ndani ya koti. Aliporudi, vichwa vinne vilijazana kwenye dirisha la nyuma.

— Tone moja, alisema Jenyuini kwa sauti ya chini.

— Hilo tone ni la Abuu, alijaza mno, alisema Utafiti.

— Halihesabiki, alihukumu Tani Kumi. — Huyu mama hajatikisika.

Leonardi alimkumbatia Jenyuini, akamkumbatia Utafiti, akamkumbatia na Meshack mwenye grisi mpaka viwiko. Kwa kweli machozi yalikuwa karibu. Kilichokuwa kimempa usingizi wa mang'amung'amu wiki nzima kilikuwa kimekwisha, na saa nne haijafika.

Ilipofika, Bi Cornelia alitoka nyumbani, hatua chache tu kutoka hapo, na fimbo yake, na kitenge cha Kanisa, na rozari mkononi. Wote wakasimama, hata Tani Kumi na mvi zake.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mmeamkaje?

— Salama, mama. Gari lako hilo.

Bi Cornelia akalitazama. Akasogea. Akanyoosha mkono kuigusa siti, na mkono ukalazimika kwenda juu.

— Leonardi, linatikisa?

— Halitikisi, mama. Tumelipima.

— Mmepima na nani?

— Na huyu ulezi.

Akachungulia. Gunia lilikuwa limekaa wima, limefungwa mkanda, lina skafu. Bi Cornelia alilitazama muda mrefu, bila kucheka.

— Ulezi huu ulipandaje?

Jenyuini akatazama tairi. Utafiti akatazama simu.

— Tuliubeba, mama, alisema Abuu, ambaye hakuwa na nadharia ya kulinda.

— Mimi sibebwi, alisema Bi Cornelia. — Nilibebwa siku ile ya lifti, ndiyo nikalala siku nane. Mtu akinishika nyonga, mimi narudi ndani.

Leonardi akamgeukia Meshack, uso umempauka hata chini ya unga.

— Kulishusha ni muda gani?

— Saa tatu nzima, alisema Meshack. Ndiyo maneno ya kwanza kumsikia tangu alfajiri.

Saa tatu nzima, na misa inakwisha. Leonardi alimwona akilini Sista Yustina amesimama mlangoni mwa kanisa anatazama barabara. Alitaka kuwalaumu, akakumbuka kwamba kila mpira ulipoongezwa alikuwa anapiga makofi.

Bi Cornelia hakungoja walaumiane. Alikwenda kwenye benchi lao, akaligonga kwa fimbo.

— Hili linayumba?

— Haliyumbi, mama, walijibu kwa pamoja.

— Lileteni.

Wakalisogeza mpaka mlangoni mwa gari, ulezi ukashushwa, wanaume wanne wakashika miguu minne ya benchi kama wameshika kitu cha altareni. Abuu akaongeza kreti lake la soda liwe ngazi ya chini. Bi Cornelia akaweka mguu ulio mzima kwenye kreti, akapumzika. Akaweka kwenye benchi, akapumzika. Hakuna aliyepumua. Halafu akageuka taratibu, akakaa kwenye siti, akavuta miguu ndani, akaweka kitenge chake vizuri.

— Pana ulaini humu, alisema.

Kijiwe kikalipuka kwa makofi. Tani Kumi alimpiga Utafiti mgongoni mpaka vocha zikamwagika. Leonardi akakimbilia usukani, akawasha, na hapo ndipo sauti ya mama yake ilipotoka nyuma, ya upole kabisa.

— Na Kaengesa nitashukaje?

Makofi yakakatika. Methali iliyofaa ilikuwepo, ile ya kupanda mchongoma, kila mtu pale aliijua, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile ingekaa mahali pake. Hakuna aliyethubutu kuitamka.

Leonardi alitazama benchi.

— Usithubutu, Pumba, alisema Jenyuini.

— Narudi nalo jioni.

— Na sisi?

— Lina miaka tisa hapo, halijatoka hata siku moja, alisema Utafiti, kana kwamba ni mgonjwa.

Lakini Tani Kumi alishaanza kufungua kamba ya buti. Gunia moja likashuka, benchi likaingia nusu na nusu likabaki nje, kreti likabanwa pembeni, kamba ikarudi. Abuu akamfunga Bi Cornelia mkanda. Gari likaondoka, refu, jeupe, miguu miwili ya benchi ikitazama mbinguni, na kwenye kioo Leonardi akawaona wenzake wamejipanga barabarani na vikombe mikononi, hawajui wakae wapi.

Likaja tuta la kwanza. Leonardi alisahau nadharia zote, za shimo na za maji. Alishika usukani kwa mikono miwili, akalipanda kama anapita juu ya mtoto aliyelala, akalishuka. Hakuthubutu kugeuka.

— Leonardi, alisema mama yake. — Tuta ndilo lile?

— Ndilo, mama.

— Basi twende.