Mwalimu Mwanakheir na Darasa la Nyuma ya Pazia

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, mama zetu mliomo ndani, walimu na wanafunzi wa Skuli ya Baghani mliojaa hapa barazani mpaka njia ya Mkunazini haipitiki, mimi ni Borafya Msabah, mdogo wake marehemu, na familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu katika khitma yake hii, kwa hivyo mkiniona nimekwama msinihimize, ningojeeni tu.

Marehemu Mwanakheir binti Msabah Machano alizaliwa tarehe 9 Mei 1935, Kikwajuni, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Msabah, fundi wa vyerehani. Alianza chuoni akahitimu msahafu, akaingia skuli ya wasichana mwaka 1943, akamaliza sekondari Disemba 1953, na Julai iliyofuata akapanda meli kwenda Chuo Kikuu, Kampala, na siku ile bandarini mama yetu alilia kama anayezika, naye dada, na ukaidi wake mnaujua, alimwambia machozi ayaweke, alie siku atakayomwona anarudi bila ya shahada. Alirudi nayo tarehe 3 Aprili 1959, akaanza kufundisha hesabu.

Tarehe 23 Aprili 1961 aliolewa na marehemu Mkadam Duni, karani wa posta, mtu mpole kuliko watu wote niliowahi kuwajua, akaja kukaa katika nyumba hii pamoja na mama mkwe wake, Bi Kidawa, na tarehe 17 Februari 1963 Mungu akawajaalia binti yao, Shemsa, huyu hapa mbele yenu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 walimu wengi waliondoka, Skuli ya Baghani ikabaki na madarasa yaliyojaa na meza za walimu tupu, na tarehe 6 Julai mwaka huo dada akahamishiwa pale kufundisha wavulana na wasichana pamoja. Ati kuna wazee waliokuja kulalamika kuwa mwanamke hatoweza kuwatia adabu vijana wa mjini! Jamani, siku zile zilikuwa na raha yake, kengele ikilia inasikika mpaka Darajani, muhogo wa kuchoma unauzwa getini, Jumamosi midahalo, na sare nyeupe zimepigwa pasi hata na yule asiyekuwa na sare ya pili. Dada akirudi nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi, na ukimwambia apumzike anakuuliza wewe umechoka kwa kazi gani.

Januari 1967 Baghani ilifunguliwa Kidato cha Tano, vijana wetu wakaweza kujitayarisha kwa chuo kikuu hapa hapa kwao, lakini wakubwa wa elimu walisema wazi kuwa darasa hilo la kwanza lisipofaulu mtihani wa Kidato cha Sita, madarasa hayo yatafungwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja tu, naye ni dada yangu. Basi tarehe 2 Septemba 1968, miezi miwili na kidogo kabla ya mtihani, Mkadam akafariki ghafla, na dada akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, haonekani na mwanamme asiyekuwa maharimu wake.

Lahaula! Vijana walikuja kuhani msiba, wakakaa barazani wameinamisha vichwa, hakuna aliyethubutu kusema neno la mtihani. Aliyelisema ni yeye mwenyewe, siku ya saba, akanituma kwa shehe wa mtaa nikaulize, na shehe akajibu kuwa mjane abaki ndani na asionekane, lakini sauti yake kufundisha elimu kutoka nyuma ya pazia haina ubaya. Niliporudi na jawabu hilo Bi Kidawa alikasirika, akasema, "Mwanangu udongo wake haujakauka, nyinyi mnaniletea skuli ukumbini?" Alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, nani angemlaumu? Dada hakubishana naye, alilia naye mchana kutwa, na jioni Bi Kidawa akasema haya, waje, lakini mlinzi wa pazia atakuwa yeye.

Pazia nililitundika mimi, shuka nzito ya marekani, baina ya chumba na ukumbi. Kwa kuwa dada hakuweza kuona ubao wala nyuso, alimtaka kila mmoja aseme hesabu yake kwa sauti, hatua baada ya hatua, naye alikuwa akimjua kila mtu kwa kikohozi chake. Mtaa mzima ulisoma! Muuza kahawa alikuwa akisimama hapo nje mpaka kahawa inapoa, na majirani wakichagua mchele wakisema vipeo vya pili. Bi Kidawa siku ya kwanza alikaa na bakora, na baada ya wiki mbili alikuwa yeye ndiye anayepitisha madaftari chini ya pazia na kuyarudisha, akigomba, "Mwalimu kasema umekosea, hebu rudia, na we nnakujua, uvivu tu."

Alikuwepo kijana mmoja, Pandu, mwenye kigugumizi, ambaye darasani alizoea kuandika tu na kunyamaza, na sasa kuandika peke yake hakukutosha. Wenzake wakimsemea, dada akiwanyamazisha, kisha husema kutoka kule ndani, "Pandu, sema, nnakusikia," na hungoja, hata adhana ikaribie, mpaka Pandu aimalize hesabu yake mwenyewe.

Mtihani ulifanywa, eda ikamalizika Januari 1969, na majibu yalipotoka mwezi uliofuata walikuwa wamefaulu wote isipokuwa mmoja aliyeshikwa na homa, na nyumba nzima ikipiga vigelegele dada alikuwa jikoni anamlilia yule mmoja. Madarasa hayakufungwa, na mpaka leo yapo.

Machi mwaka huu alianza kuugua maradhi ya figo, akalazwa, akatoka, akarudi tena, na Alkhamisi tarehe 17 Agosti 1972, saa tatu asubuhi, alifariki dunia, akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkunazini waliotupikia, walimu wenzake waliopokezana kumsomea Yasini, na wanafunzi, ambao sina neno la kuwatosha.

Bi Kidawa alitoa amri moja tu, kuwa talkini, yale maneno anayoambiwa maiti kaburini, asome Pandu, aliyerudi mwaka huu kutoka chuo kikuu kuja kufundisha hesabu Baghani mahali pa dada. Juzi udongo uliposawazishwa Pandu alipiga magoti kichwani pa kaburi, akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka, kama zamani. Tulingoja. Hakuna aliyemsemea. Kisha mmoja wa wenzake wa ukumbini akasema taratibu, "Sema, Pandu, anakusikia," na Pandu akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Basi pumzika, dada yangu. Pandu keshasema, nawe umemsikia.